Ukungu kwenye Kioo cha Bafuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Kigoma na Tabora

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye nyumba, wapangaji na wasimamizi wa nyumba za wageni wa Kigoma na Tabora ambao huoga kwa maji ya moto na kukuta kioo kimefunikwa na ukungu wakati wanapokihitaji. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kioo chenyewe mara nyingi hakina tatizo. Tatizo ni bafu lisilo na njia ya kutolea mvuke, na anayepaka kioo sabuni bila kuitafutia hewa njia atakuwa ameficha dalili huku dari na milango yake ikiendelea kunyonya maji yaleyale.

Kwa nini kioo hufunikwa na ukungu wakati marumaru za ukutani pembeni yake zinaonekana kavu?

Marumaru nazo hulowa, ila jicho halitambui upesi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na hewa hiyo inapogusa kitu chenye ubaridi wa kutosha hushindwa kuushikilia mvuke wote, nao hugeuka kuwa matone madogo sana juu ya kitu hicho, kama inavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Matone hayo hutawanya mwanga kila upande. Kwa kuwa kioo hutuonyesha sura zetu kwa kuurudisha mwanga katika mpangilio uleule, matone machache tu yanatosha kukitia weupe, ilhali marumaru yenye kiasi hichohicho cha maji huonekana imepoteza mng'ao kidogo tu.

Kiasi cha maji yanayohusika ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 inaweza kubeba takribani gramu 17 za mvuke, yenye nyuzi 30 hubeba takribani gramu 30, na yenye nyuzi 40 hufikia gramu 51 hivi. Chukua bafu la mita 2 kwa mita 1.5 lenye kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 7.5. Hewa yake ikijaa mvuke kwenye nyuzi 30 kisha ikapoa hadi nyuzi 20, gramu zipatazo 98 za maji, karibu nusu ya glasi ndogo, zitalazimika kutua mahali fulani: kwenye kioo, dari, mlango, na taulo ulilolitundika likauke.

Je, hali ya Kigoma na ya Tabora ni moja?

Chanzo ni kimoja, lakini msimu wa usumbufu unatofautiana. Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi kwenye nyuzi 15 hivi. Ukuta wa nje wa bafu hupoa usiku kucha, na kioo kilichobandikwa juu yake huamka kikiwa baridi, kiasi kwamba hata mvuke wa ndoo moja ya maji ya moto hukifunika kwa muda mfupi. Faida ya Tabora ni kwamba hewa ya nje wakati wa kiangazi ni kavu sana, hivyo dirisha likifunguliwa ukungu huondoka upesi.

Kigoma iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hauna baridi ya Tabora. Hapo kero kubwa huwa ni ukaukaji. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hewa ya nje nayo imebeba unyevu mwingi, kwa hiyo bafu lililolowa asubuhi linaweza kubaki na unyevu hadi jioni. Hata hivyo, hewa hiyo ya nje bado ina mvuke mdogo kuliko hewa ya bafu ambalo mtu ametoka kuoga kwa maji ya moto, na kwa sababu hiyo kufungua dirisha kuna manufaa hata mvua ikinyesha.

Nianzie wapi kabla ya kununua chochote?

Anza kwa kuangalia hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Hewa yenye joto na mvuke hupanda juu, kwa hiyo njia ya kutokea inapaswa kuwa karibu na dari, na njia ya kuingilia iwe chini, ambayo kwa kawaida ni uwazi wa sentimita 1 hivi chini ya mlango. Nimeona mabafu mengi mapya yenye marumaru nzuri hadi juu, dirisha la alumini la kusukuma pembeni, na mlango unaogusa sakafu kabisa. Dirisha la namna hiyo hufunguka nusu yake tu hata ukilifungua lote, na kwa kuwa watu huogopa kuonekana, mara nyingi halifunguliwi kabisa. Bafu la zamani lenye luva za vioo au matofali ya matundu juu ya ukuta hutoa mvuke vizuri zaidi, hata kama halivutii macho.

Fanya jaribio hili. Funga mlango, fungua dirisha, kisha shika ukanda mwembamba wa karatasi laini ya chooni karibu na uwazi wa chini ya mlango. Karatasi ikivutwa kuelekea ndani, hewa inapita. Ikitulia kabisa, hewa imesimama, na hakuna dawa ya kioo itakayobadilisha hali hiyo. Mara nyingi suluhisho ni la gharama ndogo: seremala hupunguza mlango kwa chini, au mwashi hutoboa tundu la juu na kuweka tofali la matundu. Anayejenga sasa Gungu au Ipuli na bado hajapiga lipu ana nafasi nzuri ya kuliagiza jambo hili mapema, kwa sababu kutoboa ukuta uliokwisha kubandikwa marumaru ni kazi ya hasara.

Dirisha likiwa wazi watu wa nje wataniona. Nifanye nini?

Weka vioo vyenye mchoro au vya kiza, na upandishe dirisha hadi usawa wa juu ya kichwa. Luva zinafaa zaidi hapa, kwa kuwa zikiinamishwa huzuia jicho bila kuzuia hewa.

Nikifungua dirisha asubuhi ya Julai ninapata baridi. Je, hakuna njia nyingine?

Si lazima dirisha liwe wazi wakati unaoga. Oga likiwa limefungwa kiasi, kisha ukimaliza lifungue lote kwa dakika 15 au 20 huku ukifunga mlango unaoingia chumbani. Hatua hii ya pili ndiyo wengi huikosea: hufungua mlango wa chumbani ili mvuke "utoke", na kweli hutoka bafuni, lakini huishia kwenye kabati la nguo, godoro na pazia. Katika nyumba zenye bafu ndani ya chumba cha kulala, harufu ya uvundo kwenye nguo zilizokunjwa kabatini mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Je, niondoe wavu wa mbu ili hewa ipite?

Hapana, wala usifikirie kufanya hivyo. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na kioo safi hakilingani na homa ya mtoto. Kinachotakiwa ni kuusafisha wavu. Katika kiangazi cha Tabora vumbi hujaa kwenye matundu ya wavu hadi hewa isipite, na unyevu wa bafuni huligandisha vumbi hilo. Usugue kwa brashi laini na maji ya sabuni kila baada ya wiki chache, nawe utaona tofauti. Vilevile angalia matofali ya matundu, maana mara nyingi aliyehamia kabla yako aliyaziba kwa magazeti au mifuko kwa sababu ya mbu. Yazibue, kisha uweke wavu kwa nje.

Feni ya kutolea hewa ina umuhimu gani, na iwe ya ukubwa gani?

Kwa bafu lisilo na dirisha, feni ni ya lazima. Kwa bafu lenye dirisha zuri, ni msaada wa ziada. Kama kipimo cha kujilinganishia, mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka feni ya bafu iweze kutoa angalau lita 15 za hewa kwa sekunde, na kwa kiwango hicho hewa ya bafu letu la mita za ujazo 7.5 hubadilishwa kwa muda wa dakika 8 hivi. Feni ya bomba la milimita 100, ikiwa imefungwa vizuri, hukifikia kiwango hicho bila shida.

Maneno "ikiwa imefungwa vizuri" yana uzito. Feni nyingi huishia kupuliza mvuke juu ya dari badala ya nje ya nyumba, na mwenye nyumba hugundua pale dari ya jipsamu inapoanza kuwa na madoa ya kahawia na mbao za kenchi kuota kuvu. Msisitizie fundi kwamba bomba lazima litoke nje ya ukuta au bati, tena liwe fupi na lisilo na kona nyingi. Feni iwashwe kabla ya kufungulia maji na iachwe ikizunguka kwa robo saa baada ya kuoga. Umeme ukikatika, ukungu utarudi, na ndiyo sababu sishauri mtu aache kuweka dirisha kwa kuitegemea feni.

Sisi tunaoga kwa maji ya ndoo yaliyochemshwa jikoni. Ukungu nao unatuhusu?

Unawahusu sana, ila mna uwezo wa kuupunguza bila gharama. Mvuke mwingi hutoka wakati maji yaliyochemka yanapomiminwa. Kwa hiyo changanyeni maji nje ya bafu, na mtangulize maji baridi kwenye ndoo kabla ya yale ya moto. Utaratibu huo hupunguza mvuke, na zaidi ya hapo humlinda mtoto ambaye anaweza kutumbukiza mkono ndani ya ndoo yenye maji ya moto matupu. Ndoo ifunikwe hadi mtu atakapoanza kuoga. Maji ya nyuzi 38 hadi 40 yanatosha kabisa kuoga kwa raha, na kila yanapozidi hapo kinachoongezeka zaidi ni mvuke.

Wanaotumia hita ya umeme ya papo kwa papo wanaweza kufuata kanuni hiyohiyo kwa kupunguza kiwango cha joto na kuoga kwa muda mfupi. Hita ya kilowati 4.5 ikiwaka dakika 10 hutumia robo tatu ya uniti, hivyo aliyeingiza LUKU naye atashukuru.

Sabuni kwenye kioo inafanyaje kazi, na niipake vipi?

Sabuni haizuii maji kutua. Inachofanya ni kupunguza mvutano wa uso wa maji, ili badala ya kujikusanya katika matone yanayotawanya mwanga, maji yatandazike na kuwa utando mwembamba sawasawa ambao mwanga hupita ndani yake bila kuvurugika. Kioo kinakuwa kimelowa, lakini unajiona.

Osha kioo kwanza kiondoke mafuta na vumbi, kisha kikaushe. Weka tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa laini chenye unyevu kidogo, paka kioo chote hadi kiwe na weupe, halafu chukua kitambaa kikavu na ung'arishe mpaka weupe uishe machoni. Usisuuze. Tabaka usiloliona limebaki, nalo hudumu kwa siku kadhaa, kutegemea wanaoga watu wangapi na kama kuna mtu anafuta kioo kwa kiganja. Rudia linapochoka.

Aina ya sabuni ina maana, na hapa miji yetu miwili inatofautiana kwa sababu ya maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi nyingi za magnesiamu, na sabuni ya kipande, ikiwemo ile ya mawese inayotengenezwa kwa wingi Kigoma, ikikutana na chumvi hizo huacha utando mweupe unaong'ang'ania kioo. Ni sabuni njema kwa kufulia na kuogea, lakini kwa kazi hii mkazi wa Mwanga au Ujiji atafanikiwa zaidi kwa sabuni ya maji ya kiwandani, ambayo haisumbuliwi sana na chumvi. Tabora, ambako maji ya bomba sasa yanatoka Ziwa Victoria, maji ni laini zaidi, na hata sabuni ya kipande hufanya kazi vizuri ikipakwa kidogo na kung'arishwa kwa bidii. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvi afuate ushauri wa Kigoma, popote alipo.

Mbinu hii si ya watu wa majumbani peke yao. Mnamo Juni 1966 mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan, wa chombo cha Gemini 9A, alilazimika kukatiza kazi yake nje ya chombo kwa sababu kioo cha kofia yake kilijaa ukungu kutokana na jasho na pumzi yake. Baada ya tukio hilo wanaanga walianza kupakiwa dawa ya kuzuia ukungu kwenye vioo vya kofia zao, na dawa iliyotengenezwa na shirika la NASA ilikuwa mchanganyiko wa sabuni ya maji, maji yaliyosafishwa na mafuta.

Vipi kuhusu krimu ya kunyolea, gliserini, dawa ya meno, siki, kiazi, mafuta ya taa au nta ya gari?

Krimu ya kunyolea inafaa, kwa kuwa kimsingi ni sabuni. Ipake na kuing'arisha kwa utaratibu uleule. Gliserini ya duka la dawa, matone machache ndani ya maji ya sabuni, husaidia utando udumu, ila hunasa vumbi, na kwa Tabora ya Agosti hilo ni jambo la kulifikiria. Kiazi mviringo kilichokatwa huacha wanga kidogo, na nafuu yake ni ndogo mno kulinganisha na chakula kilichopotea. Siki husafisha mabaki ya chumvi ya maji vizuri, lakini haiachi tabaka lolote la kuzuia ukungu, na isiachwe ikatiririkia kwenye kingo za kioo. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, kwa hiyo usiiguse kwenye kioo cha plastiki, miwani yenye tabaka maalumu au kioo cha helmeti.

Mafuta ya taa na nta ya gari viachwe kabisa. Mafuta yakiwa peke yake, bila sabuni, huyafanya maji yajikunje na kuwa matone, kinyume cha tunachokitaka, na mafuta ya taa yana hatari ya moto pamoja na harufu isiyotoka.

Je, kile kioo kinachojipasha joto kwa umeme kina thamani?

Kwa nyumba ya wageni, ndiyo. Nyuma ya kioo huwekwa pedi nyembamba inayopasha joto, na kioo kikiwa na joto la juu kidogo kuliko kiwango ambacho mvuke hugeuka maji, ukungu hautui kabisa. Pedi ya wati 60 ikiwaka nusu saa kwa siku hutumia uniti 0.9 kwa mwezi mzima, yaani chini ya uniti moja. Gharama halisi ni ya ununuzi na ufungaji. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, kukiwa na waya wa ethi na kifaa kinachokata umeme pale unapovuja, kwa sababu hapa tunazungumzia umeme wa volti 230 na mtu aliyelowa. Kumbuka kwamba pedi hulinda kioo peke yake, na dari haipati msaada wowote.

Naweza kutumia mashine ya kukaushia nywele kukausha kioo?

Usiiingize bafuni. Maji sakafuni, mikono iliyolowa na waya wa kuunganishia kutoka chumbani ni hatari ya kifo kwa ajili ya jambo ambalo taulo kavu linalimaliza.

Mama mkwe anashauri tuweke jiko la mkaa bafuni ili kuta zipate joto. Ni sahihi?

Mwelezeni kwa heshima kwamba haiwezekani. Kuta zenye joto kweli hupunguza ukungu, lakini mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu kabla hajatambua kwamba anaishiwa nguvu. Onyo hilohilo linahusu hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje. Na kwa yeyote mwenye hita ya gesi, kuziba matundu ya hewa ili bafu liwe na joto ni kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa kwenye ukurasa huu.

Kioo kitundikwe wapi?

Kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha bafu na chumba, kwa sababu haupoi usiku kama ukuta wa nje. Kiwe mbali na bomba la kuogea, na kisishuke karibu sana na ndoo. Kama ukuta wa nje ndio pekee uliopo, kitundikwe kwa vishikizo vinavyoacha nafasi ndogo nyuma yake, badala ya kukibandika moja kwa moja juu ya saruji.

Mimi ni mpangaji na siruhusiwi kutoboa chochote.

Basi tumia sabuni kwenye kioo, safisha wavu, toa taulo zilizolowa nje, na uvute maji ya sakafuni kwa mpira baada ya kuoga, kwa kuwa sakafu iliyolowa huendelea kutoa mvuke kwa saa nyingi. Lakini mwonyeshe mwenye nyumba madoa ya dari mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hukabiliwa zaidi na matatizo ya kupumua, yakiwemo ya pumu. Ukiwa na mtoto mwenye pumu, hilo si ombi la anasa, na mwenye nyumba muungwana atalielewa.

Kingo za kioo changu zimeanza kuwa nyeusi. Zinaweza kusafishwa?

Haziwezi. Picha tunayoiona hutokana na tabaka jembamba la fedha lililo nyuma ya kioo, likilindwa na rangi, na unyevu ukipenya kwenye kingo hulichubua tabaka hilo kuelekea katikati. Unachoweza kufanya ni kuuchelewesha uharibifu: futa maji yanayosimama kwenye ukingo wa chini kila siku, usipulize dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye kioo bali kwenye kitambaa, na unaponunua kipya mwombe fundi vioo asawazishe kingo na kuzipaka silikoni isiyotoa harufu ya siki, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayoweza kuidhuru fedha ya nyuma.